Sahani Aliyoazima Munyaneza

Watu wa mtaa wetu wa Kasenga wakikuambia Riziki binti Tambwe ana mdomo, usibishane nao. Ninao. Marehemu bibi alikuwa akisema huyu mtoto hata usingizini anajibu. Katika maisha yangu yote kubwa nililoulizwa nikanyamaza ni swali moja tu, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Mwaka ulikuwa sitini na saba. Ijumaa, saa saba za mchana, kaka yangu Masumbuko ameshavaa kanzu na kwenda musikitini, mimi nimebaki dukani peke yangu na madumu ya mafuta ya taa, vipande vya sabuni, na vitenge vilivyoning'inia mpaka mlangoni. Fono, ile mashine ya kupigia santuri, ilikuwa imefunikwa kitambaa. Duka letu lilijulikana kwa fono kuliko kwa bidhaa. Toka asubuhi sahani za santuri zilikuwa zinazunguka pale mlangoni ili wapita njia wapunguze mwendo. Lakini saa ya sala ya Ijumaa, hakuna muziki. Hiyo ilikuwa amri ya baba, na hata baada ya baba kututoka hatukuivunja.

Nilikuwa nakunja kitenge, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

"Karibu," nikasema bila kugeuka. "Iko chumvi, iko sabuni. Kama unataka muziki, ngoja watu watoke kusali."

"Sitaki muziki," sauti ikasema. "Nimeuleta."

Kitenge kikaniponyoka. Sauti ile ningeijua hata katikati ya soko la ndagala siku mitumbwi imejaa.

Munyaneza alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimeinama kidogo kama zamani, maana mlango wetu haukujengwa kwa ajili ya watu warefu wa mulima. Alikuwa amekonda. Mvi mbili tatu zilikuwa zimeingia juu ya sikio, na hakuwa hata na miaka thelathini. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kifurushi cha kitambaa cheupe kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Macho ndiyo hayakubadilika. Yale macho yalikuwa yananitazama kana kwamba mimi ndimi niliyekuwa nimepotea.

"Mwalimu," nikasema. "Weye ungali hai?"

"Mungu ni mwema."

"Nimeuliza habari zako, unanipa habari za Mungu."

Akacheka. Loo, akacheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja, nami nikajua miaka mitatu ya kujidanganya kwamba nimemsahau imekwenda bure.

Nikamsogezea kigoda. Akakaa, akafungua kifurushi polepole juu ya magoti, na ndani yake mlikuwa na sahani yetu. Ile ya posta.

Lazima niwaambie habari ya ile sahani. Ulikuwa wimbo wa Kilingala wa mwanamke anayekwenda posta kila siku kumwuliza karani kama barua ya mpenzi wake imefika. Katika ubeti wa mwisho, karani anahamishwa mji mwingine, na mwanamke analia. Mimi na Munyaneza tuligombana miaka minne juu ya wimbo huo. Yeye alisema mwanamke analilia barua. Mimi nikasema barua ameshaisahau zamani, anamlilia karani.

Munyaneza alikuwa ameshuka kutoka milimani mwaka ule wa uhuru, kusomea ualimu hapa mjini. Baba yake, Mzee Gakwaya, alikuwa mzee wa kanisa, na kwake nyimbo zote zisizo za kitabu cha kanisa zilikuwa njia ya motoni. Kwa hiyo Munyaneza alianza kwa kusimama ng'ambo ya barabara. Masikio tu ndiyo yaliyovuka. Mwezi mzima alisimama pale na madaftari yake, hata nikachoka, nikampigia kelele: "Ee mwalimu! Dhambi ya ng'ambo na ya huku ni moja, si uje ukae?" Akavuka.

Tangu siku hiyo Ijumaa zote zikawa zetu. Wanaume wako musikitini, fono imefunikwa, nasi tunakaa tunazibishania nyimbo ambazo hazipigwi. Mimi nilipenda mpya, zile za Léopoldville zenye tarumbeta na cha-cha-cha, zilizowatoa watu barabarani siku ya uhuru, hata wakunga na wachungaji. Yeye alipenda za zamani: mtu mmoja, gita moja, mwenzake anagonga chupa kwa kisu, Kiswahili cha Katanga.

"Minye napenda muziki ambamo unasikia mwimbaji akimeza mate," alikuwa akisema.

"Basi nenda ukasikilize watu wakila," nilikuwa nikimjibu.

Ndivyo tulivyopendana. Hakuna aliyesema nakupenda. Tulibishana tu.

Sasa aliigeuza ile sahani juani. Ilikuwa imepindika ukingoni kama jani la mgomba lililopitia motoni.

"Umeifanya nini?" nikauliza.

"Nilipopanda nyumbani mwaka ule, nilikuwa na sahani tano. Baba akazikuta. Akanisimamisha mbele ya kanisa, nikazivunja minye mwenyewe kwa mupini wa jembe. Nne. Hii nilikuwa nimeificha kwenye nyasi za paa, juu ya moto. Moshi na joto ndivyo vilivyoipinda."

"Na vita ya waasi ilipowafikia kule juu?"

"Ng'ombe wote walikwenda. Tulishuka siku tatu kwa miguu mpaka Runingu, huku uwandani. Mama hakuweza kutembea, nikamubeba mugongoni, na sahani nikaiweka kifuani chini ya shati. Mama amenishika hapa, akaniuliza, mwanangu, ni nini hiki kigumu? Nikamwambia ni Biblia."

"Astaghfirullah!"

"Hiyo nayo nimeitubu."

Nikacheka mpaka nikajishika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakaanza, nikajifanya nafuta jasho.

"Na weye umetembea toka Runingu kwa ajili ya sahani iliyopindika?"

"Tangu alfajiri." Akaiweka juu ya meza ya duka, akaisawazisha kwa vidole. "Muchungaji amesema. Kwetu muntu kabla ya kuingia ndoa anatubu mbele ya kanisa, na anarudisha kila kitu cha watu kilicho mukononi mwake. Sina cha muntu mwingine, Riziki. Nina hiki tu."

Katika maneno yote hayo nilisikia moja. Ndoa.

"Hongera," mdomo wangu ukasema. Mdomo huu! "Ni nani?"

"Abigaïl, binti ya Félicien. Keshokutwa, baada ya ibada."

"Ni muzuri?"

"Ana roho nzuri."

Nilitamani aniambie hata ana pengo la jino. Akaniambia kwamba walipofika Runingu mikono mitupu, ni Félicien aliyewapa ng'ombe wawili wenye maziwa, na ni Abigaïl aliyemwosha mama yake vidonda vya miguu kila jioni, mwezi mzima, bila kukunja uso. Nikaitikia, "Ehe. Ehe." Huyo mwanamke hakunipa hata nafasi ya kumchukia.

Nikainuka nikapanga sabuni zilizokuwa zimepangwa.

"Siku hizi munapiga nyimbo gani?" akauliza nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kukanyaga.

"Gita za umeme. Vijana wanashindana kukimbia. Mwimbaji anaimba maneno manne, gita linamnyang'anya yote yaliyobaki."

"Basi unafurahi. Njo vitu vyako hivyo."

"Nilikuwa nafurahi." Sikugeuka. "Sasa nikishika mpya, mkono unakwenda wenyewe kwenye za gita moja na chupa. Masumbuko analalamika, anasema nafukuza wateja. Umeniharibu, mwalimu."

Akasema, "Runingu, siku ya soko, iko bare moja ya pombe, yenye fono. Wanapiga hizo za kukimbia. Minye sizielewi. Lakini nasimama ng'ambo ya barabara nazisikiliza mpaka mwisho, juu ya weye, najua ungezipenda."

Jamani. Nilishika ubao wa meza. Mwanaume anakuja kukuaga akaoe, halafu anakuambia maneno kama hayo?

"Riziki," akasema, "acha nikuulize kitu kimoja, kisha niende. Juu ya nini ulinikatalia?"

Nikageuka. "Minye? Nilikukatalia lini?"

"Ijumaa ile. Mbele ya baba yako."

Ijumaa ile. Mwaka sitini na nne, wiki chache kabla ya vita kushuka mjini. Alikuja nyumbani na mwalimu mwenzake, Bonaventure, amevaa koti la kuazima, kuniposa. Wiki nzima baba alikuwa amegoma. Hamtaki mchunga ng'ombe asiyejua Kibla iko wapi, watu watamcheka, mababu waliokuja na biashara kutoka ng'ambo ya ziwa watageuka kaburini. Bibi ndiye aliyemshinda. "Huyu anapita mlangoni," alimwambia. "Ngoja uone watakaopita dirishani." Mwisho baba akakata shauri: atamwuliza binti mwenyewe. Nikikubali, mambo ya dini atayazungumza na wazee wa kijana watakapokuja.

Mimi nilikaa nyuma ya pazia na bibi. Asubuhi ile alikuwa amenifinya paja akaniambia, "Leo uufunge huo mdomo, wallahi. Leo tu." Baba akakohoa, akauliza kwa sauti wote wasikie: "Riziki, huyu kijana Munyaneza unamtaka?"

Katika nyumba zetu mwanamwali akiulizwa hivyo hasemi ndiyo. Anayesema ndiyo kwa mdomo hana haya. Asiyetaka ndiye husema hapana, au hulia. Anayetaka huinamisha macho na kunyamaza, na kimya chake ndiyo idhini yake. Nikainamisha macho. Nilinyamaza kwa nguvu zangu zote, moyo unapiga hata nikaogopa watausikia sebuleni, na bibi ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio asije akapiga kigelegele kabla ya wakati. Baba akasema, "Jibu mumelipata," akaenda kutawadha.

Nikamwambia Munyaneza, "Nilinyamaza! Siku ile nilinyamaza, si ulisikia?"

"Nilisikia." Akasimama, kigoda kikaanguka. "Weye, Riziki! Weye uliyekuwa unanitukana kutoka ng'ambo ya barabara! Weye usiyekosa jibu hata kwa mbuzi akilia! Siku unaulizwa kama unanitaka, ukakosa neno moja. Ningefikiri nini?"

"Ungefikiri nimekubali!"

"Kwa kunyamaza?"

"Kwa kunyamaza, ndiyo! Kwetu kimya ni kukubali! Kila mtoto anajua!"

"Mutoto wa wapi?" Sauti yake ilikatika. "Kwetu bibi-arusi anasimama mbele ya kanisa lote, muchungaji anamuuliza, na akijibu kwa sauti ndogo anaambiwa arudie, mpaka walio mulangoni wasikie. Bonaventure alinishika mukono njiani, akaniambia, pole ndugu yangu, hawakukutaka."

"Bonaventure alijua nini, Mukatoliki wa Luvungi?"

"Na minye nilijua nini?"

Tukatazamana. Nje baiskeli ikapita, mnyororo unalia. Niliona habari inamwingia usoni kidogo kidogo, kama mtu anayesomewa barua, akifikia kila neno na kulirudia. Akaegemea vitenge, akafunika uso.

Nami hasira ikanipanda, maana hasira ni nyepesi kuibeba kuliko uchungu. "Na Jumatatu je? Hukujua duka liko wapi? Hukuweza kuja ukaniuliza, Riziki, vipi?"

"Nilikuwa na haya. Nilipanda mulima siku ileile."

"Na minye nikangoja! Wiki tatu, Munyaneza. Baba aliweka mkeka kila alasiri, akingoja wazee wako. Wiki ya pili hakuniambia kitu. Ya tatu akaniambia, mwanangu, kijana alikuchezea, na mimi nikatetemeka kwa aibu mbele ya baba yangu. Kisha vita ikashuka, tukakimbia kwa miguu mpaka Gatumba, ng'ambo ya mpaka. Bibi alifia kule. Unajua neno lake la mwisho juu yako? Alisema labda mtoto wa watu ni mugonjwa."

Alilia. Mwanaume mzima, mwalimu, alilia na bega lake likitikisa vitenge vya watu. Nilitaka kumshika. Mkono ulinyanyuka, nikaurudisha nikaushikisha sabuni.

Alipotulia akafuta uso kwa kile kitambaa cheupe cha sahani. "Sema neno moja," akasema. "Sema kwa mudomo wako, nibaki. Nitarudi Runingu leo hii, nitamwambia Félicien achukue ng'ombe wake na matusi nitayabeba. Neno moja, Riziki."

Nilikuwa nalo. Liko hapa kooni, tamu kama tende. Nilijua nikilitoa hataondoka. Lakini nikaona beseni la maji ya vuguvugu, na mikono ya msichana nisiyemjua inaosha vidonda vya mama yake, na msichana huyo leo anashona gauni lake la keshokutwa.

"Usiniombe hilo," nikasema. "Abigaïl hakuniibia kitu. Ulinipoteza mwenyewe, na mimi nikakupoteza mwenyewe. Nenda."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Akaokota fimbo yake, akafika mlangoni, akainama apite, kisha akarudi hatua moja.

"Basi nijibu la zamani tu," akasema taratibu. "Nisibaki nalo." Akasimama wima, akaweka fimbo pembeni, mikono miwili mbele kama siku ile ya koti la kuazima. "Riziki. Huyu kijana Munyaneza, unamtaka?"

Nikainamisha macho.

Sikusema kitu. Niliziona ncha za viatu vyake, vumbi la Runingu juu yake, na kipande cha kamba ya mgomba sakafuni. Hakuharakisha. Siku ile ya kwanza hakungoja hata kidogo. Leo alingoja, akasikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza nyimbo zake za mtu mmoja na gita moja.

"Nimesikia," akasema.

Nilipoinua macho mlango ulikuwa mtupu. Nikakimbilia nje nikamwona yuko mbali, mrefu kuliko watu wote barabarani, anaelekea uwanda. Hakugeuka. Nilitaka kumwita nimwambie kwamba juu ya ule wimbo, labda yeye ndiye aliyekuwa na haki, labda mtu anaweza kulilia barua maisha yake yote. Sikumwita.

Sala ikaisha. Masumbuko akarudi ananukia udi, akaondoa kitambaa kwenye fono, akaiona sahani mezani.

"Hii imetoka wapi?"

"Mteja mmoja aliazima zamani. Amerudisha."

"Na macho yako?"

"Sabuni."

Alinitazama, hakuuliza tena. Kaka yangu ana mapungufu mengi lakini hilo hana. Akaiweka sahani, akashusha sindano. Wimbo ukaanza, lakini sauti ya yule mwanamke ilikuwa inapanda na kushuka kama mlevi kwenye daraja, kila sahani ilipofika penye kupindika. Akamwuliza karani habari ya barua, akazama, akaibuka, akamwuliza tena. Ubeti wa mwisho haukufika. Sindano iliruka pale karani anapofunga sanduku lake, ikarudi nyuma, ikaruka tena.

"Imekufa hii," Masumbuko akasema, akainyanyua. "Itupe."

"Hapana!"

Nilisema kwa sauti kubwa hivi kwamba wanawake wawili waliokuwa wakipita na vikapu vya ndagala walisimama wakatazama ndani. Masumbuko akabaki na sahani hewani. Neno lilikuwa limetoka lenyewe, bila taabu yoyote, mbele ya watu, na wote walisikia mpaka barabarani.